Pikipiki Kwenye Mchanga na Milima ya Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika Mei, mvua zikishakata, simu yangu huanza kuita. Anayepiga yuko Dar, Arusha au Mwanza, ana pikipiki, amepata likizo ya wiki moja na amechoka na lami. Maswali yanafanana, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp huku ugali unapoa. Nimeyaweka hapa yote. Namwandikia mtu anayejua kuendesha, ila hajawahi kuzama kwenye mchanga wa korongo akiwa na mzigo nyuma.

Kwani Dodoma kuna jangwa?

Hapana. Tuna nusu jangwa. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki nchi hukauka, mibuyu inabaki matawi matupu, mito inageuka njia za mchanga.

Kwa mwenye pikipiki hilo lina maana yake. Mwenye kwenda jangwani anauona mchanga tangu mbali na anajiandaa. Kwetu mchanga umejificha. Unakwenda kilomita kumi kwenye udongo mwekundu mgumu, unajisahau, uko gia ya nne, mara njia inadidimia kwenye korongo lenye mchanga wa upana wa mita hamsini. Watu huja wakiogopa milima, kumbe mlima unauona tangu asubuhi na unakupa muda wa kujipanga. Korongo halikupi.

Nipite njia gani?

Ninazo mbili ninazowapa watu, kulingana na siku walizonazo.

Ya kwanza ni ya siku tano, upande wa kusini-mashariki. Unatoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro hadi Mbande, unakata kuelekea Kongwa na Mpwapwa. Lala Mpwapwa. Siku ya pili teremka Gulwe, penye stesheni ya reli ya kati, uvuke bonde la mto Kinyasungwe, uendelee hadi Kibakwe. Siku ya tatu acha mizigo Kibakwe upande Wotta, juu kwenye milima ya Rubeho, urudi jioni. Siku ya nne pitia Rudi utokee Chipogolo kwenye barabara ya Iringa, ulale Mtera ule samaki wa bwawani. Ya tano unarudi Dodoma kwa lami, kilomita 120 na ushee, mgongo umenyooka.

Ya pili inataka wiki nzima na moyo. Dodoma hadi Chemba, kisha unaiacha lami na kuelekea magharibi kwa Wasandawe: Farkwa, Kwa Mtoro, hadi Singida. Kutoka Singida ni lami kupitia Katesh, chini ya mlima Hanang, hadi Babati. Halafu unarudi kusini kwa Bereko na Kolo hadi Kondoa, na kabla ya kufunga safari unapanda Haubi kwenye vilima vya Irangi. Kipande cha Chemba hadi Singida ndicho kitakachokutoa jasho. Hanang yenyewe, mita zaidi ya 3,400, hupandwa kwa miguu, usije na mawazo mengine. Na ukipita Katesh uendeshe kwa adabu: Desemba 3, 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani yakaua watu wengi, na wenyeji bado wanaishi na jambo hilo.

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua ya kwanza. Wengi hubisha hapa.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba. Mwezi wa sita na wa saba usiku na alfajiri kuna baridi, na upepo wa Dodoma siyo wa masihara, unakusukuma ubavuni saa nzima. Mwezi wa kumi joto linapanda na vumbi linakuwa unga. Mwenyewe napenda mwishoni mwa Juni, mtama na uwele umevunwa, watu wana nafasi ya kuzungumza.

Januari hadi Machi usije, hata kama rafiki yako alikuja akapita. Bonde la Kinyasungwe likifurika hukata hata reli kati ya Kilosa na Gulwe, sembuse wewe. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nimewahi kukaa saa mbili nikichokoa tope kwa kijiti, nikasogea mita mia moja, nikaanza upya.

Mvua ya nje ya msimu ikikukuta mbugani, simama penye mwinuko usubiri. Jua la Dodoma likitoka, nusu siku inatosha. Na korongo likianza kuleta maji, hata kama ni ya kifundoni, kaa kando. Mvua imenyesha kwingine, na nyuma ya hayo yanakuja mengine.

Boxer yangu itafika, au ninunue pikipiki kubwa ya safari?

Itafika. Kibakwe na Kwa Mtoro zinalishwa na pikipiki za 125 na 150 kila siku ya Mungu: magunia, mabati, mgonjwa, mbuzi wawili. Pikipiki ya kilo 200 na zaidi ni tamu kwenye lami ya Singida, lakini ikilala kwenye mchanga ukiwa peke yako, utaikalia kama kiti usubiri wapita njia.

Kilicho bora kwa njia hizi ni pikipiki nyepesi yenye miguu mirefu, zile Honda XL na XR, au Yamaha za AG na DT ambazo maofisa mifugo na wamisionari walizizoea miaka hiyo. Ila nyepesi uliyonayo inashinda nzuri usiyokuwa nayo. Na Boxer au TVS ina faida ambayo hakuna tangazo litakuambia: spea zake ziko kila senta, na fundi wa kijijini ameshaifungua injini yake mara arobaini. Ukija na pikipiki ya kisasa yenye kompyuta, huyo fundi ataitazama, atakusifia, atarudi kwenye kivuli chake.

Kabla ya kutoka badilisha oili, cheni na sproketi kama zimelika, na kaza spoku zote. Chukua waya mpya wa klachi, upitishe sambamba na ule wa zamani na kuufunga kwa selotepu. Ukikatika porini, unahamisha ncha mbili tu na kuendelea. Dakika tano.

Mzigo kiasi gani?

Nusu ya ulioupanga. Kilo kumi na tano zinatosha wiki nzima, maji hayamo. Uweke chini na karibu na siti. Mzigo mrefu juu ya keria hufanya usukani uwe mwepesi, na mchangani usukani mwepesi unatembea wenyewe.

Nitauvukaje huo mchanga?

Hapa nakaa kidogo.

Simama kwenye korongo kabla hujaingia. Zima, shuka, tembea hadi ng'ambo. Utaona ulipo laini na ulipo mgumu, na utaona kama kuna jiwe au gogo lililofukiwa. Mara ya kwanza nilipofika kwenye tawi mojawapo la mto Bubu nilijifanya mjuzi, nikaingia katikati palipokuwa pana na pazuri kwa macho, nikazama hadi kwenye ekseli. Pembeni palikuwa na mama mmoja anachota maji kwenye kisima cha mchangani, kile shimo wanalolifukua kwa mikono na kungoja maji yajae polepole. Aliniacha nihangaike, akajaza dumu lake kwa kibuyu, akafunga, ndipo akasema, "Mwanangu, kwani baiskeli huoni zinapita wapi?" Nikatazama. Mita thelathini chini yake palikuwa na alama nyembamba za matairi ya baiskeli, zimenyooka kama uzi hadi ng'ambo. Mtu mwenye madumu manne ya lita ishirini kwenye baiskeli hawezi kupita penye mchanga laini. Akipita, ni pagumu.

Tangu siku hiyo sitafuti tena kwa akili yangu. Natafuta baiskeli.

Ukishaipata njia: ingia gia ya pili, simama kwenye vikanyagio, makalio nyuma, magoti yabane tanki, macho yaangalie ukingo wa ng'ambo na siyo gurudumu. Mafuta yawe yaleyale mwanzo hadi mwisho. Ukiyakata katikati, uzito wote unakwenda mbele na gurudumu la mbele linachimba. Usukani utacheza kulia na kushoto, uache ucheze, usiushike kama umeshika kuku wa kuchinja. Breki ya mbele isahau.

Ukizama, usiendelee kuzungusha gurudumu, unachimba kaburi tu. Shuka, weka gia ya kwanza, tembea ubavuni ukiongeza mafuta kidogo huku unasukuma. Ikikataa, ilaze pikipiki upande, fukia shimo kwa mchanga na matawi, iinue, anza tena. Funga koki ya petroli kabla ya kuilaza.

Upepo wa tairi nao una kazi. Kwenye lami labda unaweka paundi 28 nyuma. Mchangani shusha hadi 18 hivi, tairi lipanuke. Usishuke zaidi ya hapo ukiwa na tyubu, maana tairi litateleza kwenye rimu, livute tyubu na kung'oa valvu, na valvu iliyong'oka haina kiraka. Ukirudi kwenye njia ya mawe, jaza tena, la sivyo utapinda rimu. Pampu ya mkono ya baiskeli inatosha, ni mazoezi.

Pancha ni nyingi kiasi hicho?

Ndiyo. Adui yako mkubwa Dodoma ni mwiba wa mgunga kuliko simba, majambazi na nyoka ukiwajumlisha. Wafugaji hukata matawi ya migunga kuzungushia mazizi na mashamba, ng'ombe wanayakokota njiani, na mwiba uliokauka ni mgumu kama sindano ya viatu.

Siku moja karibu na Kwa Mtoro nilipata pancha nne tangu asubuhi hadi saa nane. Ya kwanza niliziba kwa ustadi, nikajipongeza. Ya pili ikatokea mahali palepale kwenye tyubu, sentimita mbili kutoka kiraka. Ya tatu palepale. Kijana mmoja mchunga mbuzi alikuwa amekaa chini ya mti ananitazama, akaja, hakusema kitu, akaomba tairi. Akatia mkono ndani akiwa amezungushia kitambaa cha kaniki vidoleni, akazunguka taratibu, kitambaa kikanasa. Mwiba ulikuwa umekatikia ndani ya mpira, kwa nje huuoni kabisa, kwa ndani umechomoza kama milimita mbili. Aliung'oa kwa meno. Ya nne ilikuwa ya mwiba mwingine, hiyo nilisamehe.

Basi beba tyubu mbili mpya, moja ya mbele na moja ya nyuma, viraka, gundi mbichi (iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka, ijaribu nyumbani), leva mbili, pampu, na kitambaa. Na ufanye mazoezi ya kutoa tairi nyumbani, ukiwa na chai pembeni. Mtu asiyewahi kutoa tairi la nyuma la pikipiki hatajifunza vizuri akiwa na jua la saa saba kichwani. Ile dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu inasaidia kwa miba midogo. Ukija kuziba kwa kiraka, itakuchafulia kila kitu.

Milimani je? Naogopa kupanda kuliko kushuka.

Ogopa kushuka.

Kupanda Wotta kutoka Kibakwe ni mawe na kona kali. Siri ni kuingia mlimani ukiwa tayari kwenye gia ya kwanza au ya pili na kutokusimama katikati. Wanaoharibu klachi ni wale wanaoikaba nusunusu mlima mzima. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua, nikadhani kuna mtu anachoma mbuzi. Kijana wa bodaboda aliyebeba magunia mawili ya maharage akashuka kutoka juu, akasimama, "Dada, zima, klachi pleti zinapumua." Tukakaa nusu saa kivulini. Akanieleza kwamba wao wakifika kwenye jiwe kubwa lenye mkuyu huwa wanapumzisha pikipiki hata kama haijachoka. Nilikuwa nimelipita hilo jiwe kwa madaha.

Juu kule injini itakuwa imepungua nguvu. Hakuna ubovu: hewa ni nyepesi, kabureta inamimina petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Usimruhusu fundi yeyote akufungulie kabureta kule juu, ukishuka itakosa petroli na kuchemka.

Sasa kushuka. Pikipiki nyingi hizi zina breki za shuu. Ukikanyaga mfululizo kilomita nzima, shuu zinapata moto na breki inakuwa kama unakanyaga sifongo. Weka gia ya pili, ya kwanza penye mwinamo mkali, acha injini ikushikilie, breki uguse na kuachia. Usiteremke na klachi umeibana, wala usizime injini ili kubana petroli, tabia ambayo nimeiona sana na imevunja watu mifupa. Kwenye kona piga honi. Lori la mbao haliwezi kukukwepa, na dereva wake anajua hivyo kuliko wewe.

Mafuta nitapata wapi?

Vituo viko Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Singida, Katesh na Babati. Kwingine ni petroli ya chupa, inauzwa dukani au mbele ya nyumba, kwa bei ya juu kidogo, na ni haki yao maana wameibeba. Imimine kupitia kitambaa safi. Ukiona maji chini ya chupa, shukuru, nenda duka la pili.

Kwa hesabu, pikipiki ya 150 inayokwenda kilomita 45 kwa lita kwenye lami, mchangani ihesabie 30. Beba lita tano za akiba kipande cha Chemba hadi Singida, kwenye dumu gumu linalofunga, siyo chupa za maji ya kunywa. Zinavimba kwenye jua.

Maji na chakula?

Maji lita tano kwa siku kwa mtu mmoja, na usianze kunywa pale kiu inapokuja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilikuwa ikituama Mpwapwa kwa sababu hiyohiyo. Mbele yake kulikuwa na nyika kavu waliyoiita Marenga Mkali, maji makali, na wapagazi waliivuka kwa mwendo wa haraka wakiogopa kiu. Maji ya visima vingi vya huku bado yana chumvi. Ya kisima cha mchangani chemsha au tia dawa.

Chakula hakina shida. Kwa mama ntilie yeyote utapata wali maharage, na ukitaka chakula cha wenyewe, omba ugali wa uwele au mtama na mlenda. Mlenda ukishuka kooni baada ya siku ya vumbi utaelewa kwa nini Wagogo hawauachi. Singida kuna kuku wa kienyeji. Kwa Wasandawe nunua asali, ila mizinga iliyotundikwa mitini usiisogelee na pikipiki inayonguruma.

Nitalala wapi?

Miji ya wilaya yote ina gesti. Vijijini kama Kwa Mtoro au Wotta uliza. Mara nyingi kuna chumba, mara nyingine utaelekezwa shuleni, zahanati au kanisani. Hema pia linafaa, lakini halipigwi popote. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jitambulishe, andika jina kwenye daftari. Hiyo ndiyo bima yako ya usiku: kijiji kizima kinajua wewe ni nani na umelala wapi.

Usipige hema ndani ya korongo hata kama mchanga ni laini kama godoro.

Naweza kukatisha kwenye hifadhi kufupisha njia?

Hapana. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero nayo yana askari na vibali vyake. Magharibi huko utakutana pia na ndorobo, wale nzi wanaouma, ambao hufuata kitu cheusi kinachotembea, yaani wewe na jaketi lako.

Wenyeji watanichukuliaje?

Kama ulivyowasalimia. Punguza mwendo ukiingia kijijini, vumbi lako linaingia kwenye mtama ulioanikwa. Mkute mzee, vua helmeti kabla ya kusema shikamoo; mtu asiyeonekana uso hasalimii. Kwa Wagogo "mbukwa" inafungua mlango, hata ukiitamka vibaya. Ng'ombe wakiwa njiani, zima injini wapite. Mchungaji akilazimika kukimbiza kundi lililotawanyika kwa honi yako, usitarajie akuelekeze njia.

Picha omba kwanza. Kolo ukifika, pita ofisi ya mambo ya kale, lipa, nenda na mwongozaji. Michoro ile ya miambani imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, na njia ya kuifikia ni ya mawe mpaka unaiacha pikipiki na kupanda kwa miguu. Kuna watu waliokuwa wakimwagia maji michoro ili itokee vizuri kwenye picha. Usiwe mmoja wao.

Na ukiwa Kondoa, yatazame makorongo yake kwa jicho lingine. Udongo uliondoka kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 ng'ombe wote wakaondolewa kwenye eneo lililoliwa sana na mmomonyoko. Majani na miti vikarudi kwenye kingo. Kukata njia mpya kwa tairi kwenye kingo hizo, eti unacheza, ni kuwarudisha watu nyuma. Fuata njia iliyopo.

Naweza kwenda peke yangu?

Njia ya kwanza, ndiyo, ukimwachia mtu ratiba na kumpigia kila jioni. Ya pili nendeni wawili au watatu. Zaidi ya wanne ni msafara wa harusi: mnakula vumbi, na kila pancha ni mkutano.

Ukiwa peke yako kwenye kipande kigumu, mlipe kijana wa bodaboda wa pale akutangulie nusu siku. Wanaume wengi wanaona aibu hapa. Mimi naona ni pesa iliyotumika vizuri kuliko zote za safari. Anajua kisima, anajua mwenye petroli, na anajua korongo lipi jana lilikuwa na maji.

Mimi ni mwanamke. Nitasumbuliwa?

Ninayeandika ni mwanamke, ingawa nusu ya wanaonipigia huanza na "mambo vipi kaka". Usumbufu nilioupata zaidi ni maswali: mumeo yuko wapi, umeiba hii pikipiki wapi. Beba kanga au kitenge, ukifika kijijini jifunge, hasa kwa Warangi wa Kondoa ambao wengi ni Waislamu. Gesti chagua yenye familia inayoishi ndani, na pikipiki ilale ndani ya geti.

Nikianguka vibaya?

Vaa kabla ya kuanguka: helmeti inayofunika kidevu, buti zinazopita kifundo, glavu, vikinga magoti. Sandali ni za jioni. Mchangani watu huanguka polepole, na mguu unabanwa chini ya pikipiki. Buti ndiyo tofauti kati ya kuchubuka na kuvunjika.

Beba bandeji, dawa ya vidonda, za maumivu, na chumvi ya kuongeza maji mwilini. Zahanati ziko vijiji vingi, hospitali za wilaya Mpwapwa na Kondoa, na kubwa ziko Dodoma mjini. Namba ya dharura ni 112, ila porini atakayekufikisha hospitali ni mwenye pikipiki wa jirani, kwa hiyo uwe na pesa taslimu ya mafuta yake. Usitegemee pesa za simu tu, mtandao ukikata na wakala anakuwa hana kazi.

Ramani ya simu inatosha?

Pakua ramani kabla, ifanye kazi bila intaneti. Kisha usiiamini. Nimeonyeshwa "barabara" ambayo ilikuwa njia ya mbuzi, na nimekatazwa barabara ambayo basi linapita kila siku. Uliza watu watatu tofauti. Usiulize "hii inakwenda Farkwa?", maana kwa heshima utajibiwa ndiyo. Uliza "Farkwa naendaje?" na unyamaze.

Hati gani?

Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki, bima iliyo hai. Helmeti mbili kama mko wawili. Nakala kwenye simu, halisi kwenye mfuko wa plastiki.

Nikirudi, nifanye nini kwanza? Niioshe?

Usianze na maji. Kwanza fungua filta ya hewa, uitoe nje taratibu bila kumwaga vumbi kwenye bomba la kabureta. Utakuta rangi ya Dodoma nzima imo humo. Ya sponji ifue kwa sabuni ya unga, ikaushe kivulini, itie oili kidogo. Ya karatasi ikunguute, na kama imekuwa nyekundu mpaka ndani, nunua nyingine. Kisha pita kila spoku kwa kuigonga na spana: iliyo nzima inalia, iliyolegea inasema "du". Mimi nikitoka Kwa Mtoro huwa nakuta tatu au nne gurudumu la nyuma. Pandisha tairi upepo wa lami. Cheni ipanguse kwa mafuta ya taa hadi mchanga uishe kutoka, ndipo uipake oili. Hapo sasa mpe mtoto wa jirani ndoo ya maji.